Habari ya Zulaikha wa Bugolobi na Mkia wa Herufi

Sogeeni karibu, enyi mlioketi na enyi mnaopita! Wekeni chini vikombe, zimeni pasi, nyamazisheni simu zenu, kwa maana habari ninayoibeba leo haisikilizwi huku mtu anapekua ujumbe. Wengine wamesimulia wafalme walioteka miji na majemadari waliovuka mito. Mimi nasimulia mkia usiozidi punje ya mtama, uliotungikwa chini ya herufi moja siku ya Alhamisi, mwezi wa Machi, mwaka wa elfu mbili na kumi na saba, katika mji wa Kampala, kwenye maghorofa ya Bugolobi, ngazi ya tatu, mlango wa kushoto.

Na kabla sijapiga hatua, nawaita ninyi, mafundi msio na sura, mliotawanyika katika nchi ambazo wengine wetu hatujui hata kuzitaja. Ninyi ambao mchana mnatumikia waajiri na jioni mnaunda zana za wote, kisha mnaziacha mlangoni bila kufuli, na kodi zake, yaani maagizo yaliyoziunda, wazi, ili apitaye achukue, achungulie, atengeneze, agawe. Nipeni pumzi ya kutosha nifike mwisho.

Alikuwako basi Zulaikha binti Abdul-Karim, Mnubi wa Bombo, kitukuu cha askari waliokuja na bunduki begani na wake zao nyuma wakibeba vikapu. Huyu ndiye Mpanga Herufi, Adui wa Nafasi Zisizolingana, jicho lake huona kitufe kilichosogea kwa unene wa unywele mmoja na usingizi ukamkimbia. Jicho hilo alilipata kwa mama yake, Aminah, msukaji wa kawa, ambaye akiona duara limepotoka hulifumua lote hata kama limebaki pindo tu.

Kuume kwake aliketi Reine wa Bukavu, Mwandishi wa Kodi, mwenye vidole vyepesi na kicheko kizito, aliyeingia Uganda na begi moja na kamusi ya Kifaransa. Wawili hao walitengeneza tovuti za watu, na walikuwa wameapa, mkono juu ya kibodi, kutumia programu huria peke yake. Asubuhi moja huko nyuma, programu waliyokuwa wakiiazima kwa siku thelathini iliwafungia mlango kazi ikiwa nusu, na kazi ile ikabaki ndani. Tangu siku hiyo walisema: zana tusiyoweza kuifungua sisi wenyewe haitaingia humu.

Siku ile ya Alhamisi, saa nne asubuhi, ngazi zililia kwa kishindo cha viatu vya ngozi, na mlangoni akasimama Mwalimu Nabukeera.

Mjueni huyu kwanza. Miaka thelathini na mmoja alifundisha Luganda katika shule ya msingi, na alipostaafu hakupumzika: alikusanya wanawake kumi na watano, akawaketisha mbele ya ngoma ambazo zamani zilikuwa za mikono ya wanaume, akawafundisha mpaka madirisha ya jirani yakatetemeka. Kundi lake aliliita Eŋŋoma z'Abakyala, yaani Ngoma za Wanawake. Tazameni jina hilo vizuri, maana ndani yake ndimo vita yote ilimo. Ile n yenye mkia, iliyosimama mara mbili, ni sauti ambayo sisi Waswahili huiandika kwa n, na g, na alama juu yake, kama katika ng'ombe. Waganda huiandika kwa herufi moja, n iliyoshusha mguu wake wa kulia chini ya mstari na kuukunja kushoto. Ni herufi halali, imo katika alfabeti yao, lakini waandikaji wa vibao, wachapaji wa kadi na makarani wa ofisi wameichoka, nao huandika n na g wakaenda zao.

Saa kumi alasiri ya siku hiyo hiyo, tovuti ya kundi ingezinduliwa katika ukumbi wa parokia juu ya soko la Kalerwe, mbele ya wakazi wa mtaa, na mbele ya wageni wawili wa tamasha la muziki waliokuwa wakichagua makundi ya kualika. Mwalimu, aliyewaambia kwamba alfajiri aliichungulia kwenye kompyuta yake bila miwani akaona rangi tu, alikuja kukagua, kama alivyokagua madaftari maisha yake yote.

Reine akafungua tovuti. Rangi zilikaa, picha zilikaa, na juu kabisa jina la kundi likang'aa kwa herufi nene, pana, zenye mabega, herufi walizozichagua wanawake wale kumi na watano baada ya wiki tatu za mabishano na kikao kimoja kilichovunjika kwa kilio. Mwalimu akavaa miwani. Akaegemea mbele.

"Hawa wawili," alisema hatimaye, akigusa kioo kwa ukucha, "wametoka wapi?"

Ole! Katikati ya zile herufi nene, zile n mbili zenye mikia zilikuwa nyembamba, dhaifu, za mwandiko mwingine kabisa, kama watu wawili waliotoka kulima wakajikuta kwenye picha ya harusi.

Zulaikha alihisi uso wake unawaka. Yeye! Jicho la Aminah! Kwa siku kumi alikuwa akiandika jina lile kwa n na g kama nafasi ya muda, akipanga kulisahihisha mwishoni, na jana jioni Reine alipolisahihisha hakuna aliyerudi kutazama.

Reine akapekua, akauma mdomo, akatoa taarifa kwa Kiswahili chake cha Kivu, ambamo yaya ni dada mkubwa. "Yaya, tuko mu matata. Ile herufi haiko mu hii fonti. Wenye kuitengeneza hawakuiweka. Sasa kivinjari kinaitafuta, kinaikosa, njo kinaenda kuiazima kwa fonti ingine."

"Tubadilishe fonti yote?" Zulaikha aliuliza kwa sauti ndogo.

"Thubutu!" Mwalimu alinguruma. "Nikawaambie wale wanawake waanze tena kuchagua? Nitazikwa kabla hawajamaliza."

"Basi Mwalimu, kwa leo tu, tuandike n na g. Watu wataelewa," Zulaikha alisihi.

Hapo Mwalimu Nabukeera alisimama wima, akavuta pumzi, na akahutubia chumba kile chenye meza mbili na feni mbovu kana kwamba ni uwanja wa gwaride.

"Sikiliza, muwala wange, binti yangu. Watu wataelewa! Hayo maneno nimeyasikia kwa kila mtu. Karani aliyeandika cheti alisema wataelewa. Mchora kibao alisema wataelewa. Miaka thelathini na mmoja mimi nimeshika mikono ya watoto, mikono midogo yenye kamasi, nikaipeleka chini, nikaikunja kushoto, nikawaambia: hii ni yetu. Rakini mtoto akitoka darasani, barabara nzima inamwambia mwalimu wako alikuwa anakudanganya, hiyo herufi haipo." Alisema rakini, kwa maana kinywani mwake l na r zilibadilishana viti zilivyopenda, na hakuna aliyethubutu kutabasamu. "Leo kama mkia haupo, au upo kama hivi, umekonda kama una njaa, hakuna kuzindua. Wanawake wangu watakaa na ngoma zao mapajani na mikono yao juu, kimya, na wageni wa tamasha watarudi walikotoka. Mimi nimesema."

Akaketi. Akafungua mkoba wake, akatoa karanga za kukaanga, akaanza kula moja moja kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kutangaza vita.

Wakafanya baraza. Reine alisema jina la juu wangeweza kulichora kama picha. Lakini alipohesabu, neno lile lilikuwa limeenea katika kurasa zote mara arobaini na tatu, katika historia ya kundi, katika ratiba, chini ya kila picha. Na nani awezaye kuchora picha arobaini na tatu kabla ya alasiri, na zikae sawa kwenye kioo cha simu ya kila mtu?

Hapo Zulaikha alifanya jambo ambalo watu wengi hawalifanyi maishani mwao mwote: alifungua leseni akaisoma. Nayo leseni ya fonti ile ilikuwa huria, na ilisema kwa maneno yasiyo na ukungu kwamba yeyote aweza kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa, kwa sharti kwamba akiibadilisha asiiite tena kwa jina lake la kwanza.

Aliisoma mara ya pili. Kisha akainuka, akafunga upya ushungi wake, akatamka kiapo chake.

"Reine, dada yangu! Mwalimu wetu! Walioiunda fonti hii hawakutujua, lakini wametuachia mlango wazi. Kama herufi haimo, nitaichora mimi. Sijawahi kuchora herufi tangu nizaliwe. Lakini saa kumi ikigonga, n hii itakuwa na mkia, na mkia utakuwa umeshiba!"

"Kale, haya," alisema Mwalimu, akitafuna. "Anza."

Akaiteremsha kutoka mtandaoni FontForge, karakana ya herufi, ambayo nayo ni huria, na haikumwuliza kadi wala umri wala jina la mama yake. Akaifungua fonti ndani yake, na tazama, herufi zote zikajipanga katika vijumba vyao kama askari katika ukaguzi, na pale ambapo ŋ ilipaswa kusimama palikuwa na kijumba kitupu.

Akaingia humo. Akainakili n, akaiweka, mguu mmoja kushoto na mguu mmoja kulia, nene, imara, isiyojua litakaloipata. Sasa mkia. Akajaribu kuuchora kwa mkono, akavuta pointi moja, mstari ukaruka juu. Akavuta ya pili, ukajisokota kama nyoka aliyekanyagwa. Akafuta. Akachora. Akafuta. Mara ya sita mkia ulifanana na ndoana, mara ya saba ulifanana na soseji, na Mwalimu, aliyekuwa amesogeza kiti nyuma yake, alisema tu, "Hapana," kila mara, kwa sauti ile ile.

Saa sita na nusu umeme ukakatika.

Feni ikafa. Kipanga njia cha intaneti kikafumba macho yake ya kijani. Kompyuta ya Zulaikha, ambayo betri yake ilikuwa na miaka minne na maradhi mengi, ikatangaza dakika hamsini na tano za uhai. Reine aliwasha intaneti kwenye simu yake, akaishika dirishani kama mwenge, mkono juu, mtandao wenyewe ukipatikana pembe ile tu.

"Soma, Reine! Kuna mwongozo wa FontForge, wamesema nini?"

"Wanasema usichore mkia mupya, Yaya! Wanasema uazime! Herufi j iko nao tayari!"

Naam! J! Ilikuwa imesimama pale siku zote, jirani mnyenyekevu, na chini yake mkia mnene uliokunjwa kushoto, wa unene ule ule, wa mabega yale yale. Zulaikha akaikata j kiunoni, akaichukua sehemu ya chini, akaileta, akaipachika chini ya mguu wa kulia wa n. Akasogeza kwa mshale wa kibodi, hatua moja, hatua moja, nusu hatua. Vikagusana. Mwalimu akaacha kutafuna.

Lakini adui hakuwa amechoka. Pale mguu na mkia vilipopandana, likatokea tundu jeupe, kama jino lililong'oka mbele ya bwana harusi. Zulaikha alisogeza mkia chini, tundu likapungua lakini ufa ukatokea. Akausogeza juu, ufa ukaziba na tundu likarudi likicheka. Betri asilimia kumi na tisa. Jasho lilimshuka kutoka chini ya ushungi. Akawaza wale wanawake, mikono juu, kimya. Akawaza kwamba yeye ndiye aliyeandika n na g siku kumi nzima, kama karani yeyote.

"Muwala wange," Mwalimu alisema nyuma yake, safari hii polepole. "Hayo ni maumbo mawili. Unataka yawe moja. Hicho chombo hakina amri ya kuunganisha?"

Wote wawili wakageuka kumtazama.

"Nimesoma hapo juu," alisema, akionyesha menyu. "Mimi ni mwalimu. Nasoma kila kilichoandikwa."

Na kweli amri ilikuwapo, mstari wa tano, ikisubiri kwa adabu. Zulaikha aliibonyeza. Tundu likafumba. Mguu na mkia vikawa mwili mmoja, mweusi, mtimilifu, unashuka chini ya mstari na kukunja kushoto kwa utulivu wa mtu anayejua kwao ni wapi. Reine alipiga kelele, simu ikaelekea kumtoka mkononi, akaidaka dirishani mikono yote miwili.

Fonti ikahitaji jina jipya, kama leseni ilivyoamuru. Reine hakuuliza mtu. Aliandika jina, akaigeuza katika umbo jepesi la mtandaoni, akaipandisha kwenye seva kupitia simu yake, na mstari wa kupakia ulipogusa mwisho, kompyuta ya Zulaikha ikazimika. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na mbili.

Wakapanda bodaboda tatu, wakaiacha Bugolobi nyuma, wakapita mjini, mvua ikawakuta karibu na Kalerwe, wakawasili wamelowa, mikungu ya matoke ikiwatazama pembeni mwa barabara. Ukumbini viti vilijaa. Wanawake wa kundi walikuwa wamekaa mbele katika gomesi za rangi ya njano, ngoma mapajani. Wageni wa tamasha walikaa mstari wa kwanza na madaftari. Kompyuta ya Mwalimu mwenyewe ilikuwa imeunganishwa na mashine ya kurusha picha ukutani.

Saa kumi kamili, Mwalimu alibonyeza. Tovuti ikatanda juu ya ukuta mweupe, kubwa kuliko mlango.

Na katikati ya jina, nyembamba, dhaifu, zenye njaa, zilisimama zile n mbili za asubuhi.

Ukumbi haukujua kitu; ukapiga makofi. Lakini wanawake walioketi mbele walimtazama Mwalimu, na Mwalimu alimtazama Zulaikha, na mikono thelathini ikabaki hewani juu ya ngozi za ngoma. Reine alishika kichwa. Imepanda, Zulaikha alijiambia. Nimeiona imepanda. Basi kwa nini?

Kisha akakumbuka. Mwalimu alikuwa ameifungua tovuti hii kwenye kompyuta hii hii alfajiri, kabla hajaja Bugolobi, na kivinjari, kwa uchoyo wa kuokoa muda, kilikuwa kimeimeza ile ya zamani na kuihifadhi tumboni. Kilichokuwa ukutani kilikuwa kiporo!

Akatembea. Hakukimbia, wale waliokuwepo wote wanashuhudia kwamba hakukimbia. Alipita mbele ya wageni, maji yakidondoka kutoka kwenye pindo la nguo yake, akafika mezani, akaweka vidole vitatu juu ya vitufe vitatu, akavibonyeza kwa pamoja kukiamuru kivinjari kitapike kiporo na kuchukua upya kutoka kwenye seva.

Ukuta ukawa mweupe. Sekunde moja. Mbili. Mtu akakohoa.

Eŋŋoma.

Nene yote. Pana yote. Mabega sawasawa, na mikia miwili imeshuka chini ya mstari, imeshiba, imekunja kushoto.

Mwalimu Nabukeera alipanda jukwaani bila kuitwa. Alikwenda mpaka ukutani, kivuli chake kikafunika nusu ya jina, akasogea pembeni ili kisifunike. Akanyoosha kidole akaufuata mkia wa kwanza kutoka juu hadi chini na kushoto, kama alivyokuwa akiiongoza mikono midogo, na alipomaliza wa kwanza akafuata wa pili. Akabaki amewapa watu mgongo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Bannange, jamani," alisema, akipangusa miwani. Kisha akageuka. "Abakyala! Piga!"

Mikono ikashuka. Vioo vya ukumbi vilitetemeka, sokoni chini wauza nyanya waliinua vichwa, na mgeni mmoja wa tamasha aliangusha kalamu yake na hakuiokota mpaka ngoma zilipokoma.

Wageni waliwaalika, naam, lakini hilo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kwamba wiki iliyofuata Zulaikha aliirudisha herufi yake kwa walioiunda fonti, pamoja na barua ya mistari mitatu, nao waliikagua, wakasogeza pointi moja, wakaipokea, wakaliandika jina lake mwishoni mwa orodha ya waliochangia, baina ya Mnorwei na mtu aliyejiita kwa tarakimu tu. Tangu hapo fonti ya kwanza ina ŋ yake. Mwalimu mmoja wa Gulu, Oryem, anayetengeneza vitabu vya Kiacholi vya watoto, aliandika kushukuru, na watu wa nchi za theluji, ambao nao wana herufi hiyo, waliichukua bila kujua ilitoka ghorofa gani.

Na ile fonti ya siku ya vita bado imo kwenye seva, kwa jina ambalo Reine aliliandika kwa haraka na simu mkononi: Nabukeera Nene. Mwenye jina alipogundua aliuliza kama kuna Nabukeera Nyembamba, akaambiwa hakuna, akasema vizuri.

Basi na liandikwe katika vitabu vya mataifa, chini ya tarehe yake, wajukuu wasome: kwamba siku hiyo, baina ya saa nne na saa kumi, kwa zana zilizoachwa mlangoni na watu wasiojulikana, wanawake watatu wa Kampala waliitungikia n mkia wake; na kwamba mkia huo, mvua ije jua lije, hadi leo haujang'oka.